Baiskeli na Kichwa Kilicholowa

Jumatatu, 14 Julai

Dada Desanka mpenzi, salamu nyingi kutoka kwangu mimi Ljubinka. Natumaini huko Linz mu wazima, wewe na shemeji Alois na wale wajukuu wenu wasiojua Kiserbia. Sisi hatujambo. Mume wangu Milisav hajambo, mgongo tu. Mama mkwe Stojanka hajambo, ana miaka themanini na minane na meno mawili, anakula kila kitu. Mbuzi hajambo. Kuku hawajambo, ila yule mweusi. Daftari hili naliandika karibu kila siku, likijaa nalitia posta. Usimsomee mtu.

Asiye mzima ni binti yangu Tijana. Homa ya mapafu mwezi uliopita, siku tisa kitandani. Chanzo ni promaja, ule upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile. Alilala madirisha yote mawili wazi. Nilimwambia! Mpaka leo kila asubuhi anakohoa kama trekta ya marehemu baba. Na Jumapili anataka kushindana hapa ziwani: waogelee, waendeshe baiskeli, wakimbie. Wanaita triathloni. Joto nyuzi thelathini na sita! Ana miaka ishirini na tisa, mwalimu wa hesabu, na akili hana.

Hatashindana. Nimeshaamua.

Jumanne, 15 Julai

Nimeficha gurudumu la mbele la baiskeli. Stoo ya chini, nyuma ya pipa la kabichi.

Saa tano asubuhi Tijana ameshalipata. Mama mkwe ameniuza! Kwa vipande viwili vya halua. Nilipomuuliza akasema yeye ni mzee, mambo ya siri hayawezi, na je, kuna halua nyingine?

Tijana hakukasirika. Akanibusu kichwani, akasema ataenda polepole, anaahidi. Kisha akakohoa.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda zahanati kwa daktari Vukašin anipe karatasi ya kumkataza. Akasema hawezi, mtu mzima anakatazwa na akili yake. Nikasema shida ndiyo hiyo. Akasema kweli mapafu bado, na yeye mwenyewe ameshamwambia Tijana asubiri wiki mbili zaidi, joto hili si la mchezo, anaweza kuanguka. Nikamwomba aandike hayo hayo, na muhuri. Akakataa. Nikaanza kulia. Basi yeye, ili nipate hewa, akafungua dirisha NA mlango! Daktari! Mtu aliyesoma! Nikatoka mbio, nimejikinga shingo kwa mkoba.

Jioni nimempaka Tijana rakija, pombe yetu kali ya matunda, kifuani na mgongoni, na soksi zake nimezilowesha humo humo. Madirisha nimefunga yote. Milisav ameketi na chupi tu, anauliza kama leo tunapikwa. Nimemwambia anyamaze, mtoto anapona.

Alhamisi, 17 Julai

Radmila. Jirani yangu, unamjua, yule aliyeleta keki kwenye msiba wa baba akahesabu nani kala vipande vingapi. Binti yake Nevena naye anashindana. Akaegemea uzio, akasema kwa sauti ya kufika mpaka kanisani kwamba amesikia Tijana amejitoa, hakuna aibu, jirani, si kila mtu amejaliwa kifua.

Kifua!

Nikasikia mdomo wangu ukisema Tijana hajajitoa, na Nevena atamwona mgongo tu. Mgongo na soli za viatu. Mdomo wangu, Desanka! Mimi sikuwepo.

Nikaingia ndani nikapika makaroni sufuria nzima, maana wanasema yanatia nguvu. Tijana akashangaa. Akauliza, kwani nimekubali? Nikasema kula.

Jumamosi, 19 Julai

Sasa nimepanga vizuri. Ashindane, lakini kwa utaratibu. Nimemwambia akishaogelea aje nyumbani, akaushe nywele, anywe supu ya kuku, avae fulana ya sufu, ndipo apande baiskeli. Nyumba si mbali.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, Mama, hakuna kurudi nyumbani! Unatoka majini, unapanda baiskeli hapo hapo.

Nikakaa chini.

Yaani na nywele zimelowa. Kwenye upepo. Kwa makusudi! Na wanapewa medali. Hakuna aliyenieleza. Mimi nilidhani katikati kuna chakula cha mchana.

Jumapili, 20 Julai

Natulia kwanza. Haya.

Saa nne asubuhi, nyuzi thelathini na nne kivulini. Wakaingia majini watu arobaini. Radmila kando yangu na kiti cha kukunja na kofia kubwa kama paa la kibanda. Tijana akatoka wa sita! Nevena bado yuko ndani ya maji. Nikapiga kelele, Radmila akatazama viatu vyake. Desanka, dakika ile nilikuwa malkia.

Halafu nikamtazama vizuri. Anakimbilia baiskeli, maji yanatiririka kichwani, mdomo wazi, pumzi haishikiki. Na upepo umeanza kutoka ziwani. Nikapita chini ya kamba. Taulo ninalo, fulana ya sufu ninayo. Nikamshika kichwa nikaanza kukausha. Akasema Mama, niache! Nikasema bado masikio. Yeye anavuta, mimi nakausha. Fulana imefika shingoni ndipo filimbi ikalia.

Mwamuzi akasema ni marufuku mshindani kusaidiwa na mtu wa nje. Nikamwambia mtu wa nje nani, mimi nimemzaa! Akatazama karatasi zake, akamtoa mashindanoni.

Radmila akasema pole, jirani. Kwa utamu!

Tijana akaketi chini, analia, kisha akakohoa asiweze kukoma. Midomo ikabadilika rangi. Watu wa huduma ya kwanza wakaja na oksijeni, wakamsikiliza mgongo. Dada mmoja kati yao akasema mapafu yanakwaruza bado. Angeendesha kilomita ishirini kwenye jua hili, angeanguka katikati ya barabara. Nikaliangusha taulo. Tijana akanishika kidole. Kidole kimoja tu.

Jumatano, 23 Julai

Tijana ameanza kunisemesha. Juzi alisema chumvi. Jana akasema asante. Leo amekiri kwamba alijua hajapona, alijua siku zote. Daktari amempa mwezi mzima wa kupumzika, naye amekubali bila ubishi. Akasema yeye amepata somo. Akauliza, na mimi je? Nikasema nimepata, tena kubwa. Akanibusu.

Na ni kweli. Milisav amenisomea sheria zao ukurasa kwa ukurasa. Mtu wa nje haruhusiwi hata kumpa mshindani maji. Ila wale wa kujitolea, wenye fulana za njano, wanaruhusiwa kugawa maji. Basi leo asubuhi nimekwenda kujiandikisha kwa mashindano ya Septemba. Wamefurahi, watu hawatoshi. Wamenipa fulana, na meza yangu itakuwa hatua kumi kutoka zinapowekwa baiskeli. Tijana hajui.

Sasa, dada yangu, hiyo mashine ya kukaushia nywele inayotumia betri, huko kwenu inapatikana? Nijibu upesi, usingoje daftari lijae, leo nalitia posta hivi hivi. Pale ziwani hakuna soketi. Nimeshakwenda kutazama.