Mume Wangu Ameandikwa kwa Mlinzi

Kwa Meneja wa Mfumo Mpya,
Bima ya Afya Jirani,
Posta, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nimempoteza mume wangu, Elimringi, usiku wa mkesha wa Krismasi. Hajafa. Yupo hapa dukani Kariakoo, anapanga sufuria kwa mkono mmoja. Wa pili umeshikilia ngiri, ambayo daktari amepanga kuipasua Alhamisi bima ikikubali. Haikubali. Sababu ni huo mfumo wenu, usiouliza watu tena, unaoangalia tu simu zao zimelala wapi ukaamua nani ni familia ya nani.

1. Desemba sisi hurudi kwetu Rombo, kama kila Mchaga mwenye nauli. Simu ya Elimringi tuliiacha dukani kwa mlinzi, Hafidhi, ili wateja wakipiga wasijue tumefunga. Mfumo ukaona simu mbili chini ya paa moja, ukamwandika mume wangu mtoto wa Hafidhi.

2. Kisha ukamfuta. Hafidhi ana miaka ishirini na sita, Elimringi hamsini na mbili, na mtoto hawezi kumzidi baba yake umri. Hapo mfumo una akili. Sijui ilikuwa wapi kwenye hatua ya kwanza.

3. Hafidhi amelipokea jukumu. Siku hizi anamuuliza bosi wake kama amekula, na juzi kamkataza soda.

4. Kule Rombo simu yangu ililala na simu za ukoo mzima. Wategemezi mwisho ni sita, basi mfumo ukanichagulia: mama mkwe, shemeji Tarsis, wifi Severa, na watu watatu waliopita kunywa mbege. Mmoja wao jina lake nimelijua kwenye kadi.

5. Binti wa dirishani kwenu aliniambia kwa adabu kuwa mfumo haukosei, labda mama na baba mmeachana hamjaambiana. Ndoa ina miaka ishirini na nne, na tunauza kwenye duka moja.

Kwa hiyo wale sita waondolewe wote leo, Elimringi arudishwe kwenye kadi yangu. Ikishindikana, niandikeni mkwe wa Hafidhi. Nitamwamkia.

Nijibu kwa neno moja, Jumatano kabla ya saa sita mchana: Elimringi ni wangu au si wangu?

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule binti.

Mimi, ambaye bado nimeolewa,
Candida Shirima (Mama Allan)

Tanbihi: Mama mkwe kapiga simu sasa hivi. Kwa ile kadi wamemtoa mtoto wa jicho la kulia, anaona mpaka ng'ombe wa jirani, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe amenisifu. La kushoto ni Ijumaa. Tafadhali msiguse mfumo mpaka Jumamosi. Elimringi atavumilia, baba yake, Hafidhi, ameridhia.