Helikoni ya Damas na Nyoka wa Tshangalele

Jumapili, tarehe 3 Juni 1962

Habari kubwa! Baada ya misa Padri Camille ametangaza kuwa sinema yake imekwisha. Miezi minane ya kupiga picha! Mwindaji anashuka chini ya ziwa Tshangalele kumnyang'anya nyoka wa vichwa vitatu msalaba wa shaba. Nyoka ni magunia ya saruji ya Kakontwe, yameshonwa na akina mama wa parokia, na ndani yake wamo wanaume sita. Upanga ni ubao uliofunikwa karatasi za sigara. Mlima wa majini ni lundo la mawe ya machimbo, na nyuma yake lori linapita. Padri anasema lori halionekani. Linaonekana.

Kasoro ni moja. Sinema haina sauti. Padri anasema huko Ulaya sinema za mazimwi na mapanga zina orkestra ya watu mia. Akauliza nani atampa muziki. Casimir akanyoosha mkono. Casimir, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye hata wimbo wa Noeli anaupiga kama wa maziko! Mimi nikanyoosha mikono miwili. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mimi, Théodore, kiongozi wa fanfari ya machimbo, bendi yetu ya matarumbeta, nitaleta orkestra. Padri akauliza siku hizi tuko wangapi. Nikasema tunatosha.

Tuko kumi na mmoja. Zamani tulikuwa ishirini na saba. Wengine wamekwenda Kasai, wengine jeshini, mmoja hatujui yuko wapi.

Halafu habari mbaya. Damas ameandikisha familia yake kwenye treni ya Kasai, ile inayowarudisha watu wa huko, Jumatatu tarehe 11. Damas wangu! Mpiga helikoni, lile tarumbeta kubwa linalovaliwa begani na kuzunguka mwili mzima. Kazaliwa hapa hapa Likasi, kambi ya wafanyakazi ya Kakontwe, mlango wa tatu kutoka kwetu. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai. Sasa watu wanamwambia arudi kwao, na huko kwao hajapaona hata siku moja.

Haendi. Nimeamua.

Jumatatu, tarehe 4 Juni

Mpango umepatikana. Mtu mwenye kazi ya kumaliza haondoki. Nimemwandikia Damas sehemu ya Nyoka. Helikoni peke yake, wengine wote kimya! Nyoka akitoa kichwa, Damas ananguruma. Vichwa vitatu, mara tatu. Nimefikiria kumwomba Padri aongeze kichwa cha nne. Nimeandika yote kazini, nyuma ya karatasi za mizigo. Msimamizi alidhani nina bidii.

Saa kumi na moja nimempelekea. Mlangoni kwake pana alama ya chaki, kama milango yote ya watu wa Kasai. Philomène, mke wake, ameshaifuta mara mbili na mara mbili imerudi. Damas akasoma karatasi yangu, akajaza mashavu, akapuliza hewa tupu, akacheka. Nikamwambia sehemu ngumu namna hii itataka mazoezi, labda mpaka Noeli. Akaacha kucheka.

"Théodore, ndugu yangu. Weye unaangaria fanfari. Minye naangaria mulango."

Lakini Jumamosi atapiga. Kwa kutuaga, anasema. Kutuaga! Tutaona.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Padri anataka orkestra iketi, kama Ulaya. Katuwekea viti kumi na kimoja. Tukaketi. Nikainua kijiti. Kila chombo kikashika njia yake. Tromboni ikamchoma mgongoni mtu wa mbele. Mpiga ngoma akawa ananitazama tu, fimbo hewani, kama mtu aliyesahau jina lake.

Ndipo nikatambua jambo ambalo kwa miaka ishirini sikulijua. Fanfari ya Kakontwe haijawahi kupiga muziki ikiwa imekaa. Frère, mtawa wa misheni aliyetufundisha, Mungu amrehemu, alitufundisha tukitembea. Mguu wa kushoto sauti, mguu wa kulia pumzi. Ukitunyang'anya miguu umetunyang'anya muziki. Casimir alicheka mpaka akaegemea kinanda na kinanda kikalia. Yeye kakaa kitako maisha yake yote.

Lakini miaka ile! Sikukuu ya Sakramenti, mwaka arobaini na tisa, tuliposhuka kwenye lori na kuingia mji wa Kambove tukipiga. Akina mama waliacha sufuria motoni wakatufuata. Ndivyo ilivyo kwetu tangu zamani, fanfari ikipita hakuna anayebaki nyumbani, hata mgonjwa hutoka na blanketi lake. Na mwisho wa maandamano tulikuwa tunamsindikiza Damas kwanza, sote, tukipiga mpaka mlangoni pake, kwa sababu helikoni ni nzito na haifai irudi nyumbani peke yake. Philomène alikuwa anatungoja na ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, baridi kabisa. Alikuwa msichana bado. Natamani miaka ile irudi.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Dawa imepatikana: hatutaketi. Tutapiga tukizunguka kuta za ukumbi. Padri alishika kichwa, lakini afanyeje? Ila kamwachia Casimir kipande cha mapenzi na kipande cha kifo.

Nikamwendea Casimir kwa upole, nikamwambia sinema itaanza saa kumi. Itaanza saa tisa. Akanishukuru.

Nyumbani mke wangu Émérence alinikuta nikiandika tena. Akauliza nampangia nani balaa leo. Nikasema ni siri. "Baba Simone, weye hauchokake?" Kisha akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sikumsikiliza, nilikuwa na kazi.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Pigo kubwa! Nimekwenda stesheni wakati wa chakula. Nikamwambia karani wa treni, kwa uso wa huzuni, kwamba watoto wa Damas wameshikwa na surua na hawawezi kusafiri. Nilitegemea atafuta majina.

Karani ni mtu mwema, Mungu amsamehe. Alisikitika sana. Akawahamishia behewa la wagonjwa, lenye vitanda.

Jioni Damas kaja kunishukuru.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Niandike polepole.

Sinema imeonyeshwa mchana kwa sababu jioni hakuna ruhusa ya kutembea. Vioo vya ukumbi vilivunjika mwaka jana ndege za vita zilipokuja, kwa hiyo kila nyumba ilitoa blanketi la kuziba dirisha. Baridi ya Juni, na watu mia tatu bila mablanketi! Casimir alifika saa nane. Haniamini. Inaumiza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilitangulia na kijiti, nyuma yangu mpiga ngoma, kisha wote. Kila tulipopita mbele ya mashine ya Padri vivuli vyetu viliingia kwenye shuka la kuonyeshea sinema. Mwindaji anaogelea ziwani, nyuma yake anapita mtu na tromboni. Watu walishangilia. Walidhani ni mizimu ya maji.

Nyoka akatoa kichwa cha kwanza. Damas akanguruma. Nani aliyekumbuka kuwa ni magunia? Watoto wakaingia chini ya mabenchi. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Nililia, naandika ukweli. Damas mwenyewe, mashavu yamejaa, macho yanacheka, alikuwa kijana wa mwaka arobaini na tisa. Nikasema moyoni, mtu huyu haendi popote.

Kichwa cha pili. Kisha mtu akafungua mlango, hewa iingie. Mpiga ngoma wetu akaona mwanga. Miguu yake haikumwuliza. Akanipita, akatoka. Fanfari yote ikamfuata. Nikakimbia na kijiti nikiwapungia warudi, wakadhani nataka mwendo wa haraka. Na watu? Fanfari inapita! Wakainuka mabenchi yote, wakatoka nyuma yetu. Ndani akabaki Padri na mashine yake, na Casimir akivipigia viti kipande cha kifo.

Ningekasirika. Sikukasirika hata kidogo! Jua, vumbi, wanawake wanaacha vinu, watoto wanaruka mbele. Likasi ya zamani ilirudi barabarani nami niko mbele yake. Sikuuliza tunakwenda wapi. Miguu ilijua. Ilikuwa inamsindikiza Damas kwake.

Philomène hakuja kwenye sinema. Alikuwa nyumbani na watoto.

Mwaka jana vijana waliokuja kumtoa jirani wa akina Damas, naye wa Kasai, nao walikuja na ngoma, tena wakiimba. Mimi nilijua jambo hilo. Nililijua, ila sikulifikiria.

Tulipokata kona tuliona mlango ukifungwa kwa kishindo. Tukasikia kabati likiburutwa. Kisha watoto wakaanza kupiga mayowe. Muziki ukafa chombo kimoja baada ya kingine, ngoma mwisho. Watu mia tatu wamesimama mbele ya mlango ule wenye chaki. Damas alikuwa anasukuma kupita, helikoni ikagonga vichwa vya watu, akawa anaita: "Philo! Ni siye! Ni fanfari!" Ndipo akapuliza sauti moja tu, ya chini kabisa, ile anayojaribia helikoni kila asubuhi. Kabati likaburutwa tena. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha jicho.

Philomène hakutoka. Watu wakarudi makwao mmoja mmoja. Hakuna aliyerudi ukumbini kuchukua blanketi lake.

Jumapili, tarehe 10 Juni, Pentekoste

Nimekwenda kuomba radhi. Philomène alinipa kiti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. Akaniambia jambo ambalo ningependa nisingelisikia. Jana asubuhi alikuwa amemwambia Damas wabaki. Alikuwa amechoka kufunga mizigo, akawaza kuwa chaki ni chaki tu. Damas alikuwa aende Jumapili hii kufuta majina yao.

"Sasa nikisikia miguu mingi, Baba Simone, roho inakimbia. Siwezi tena."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshinda. Nimeshinda, wala sikuwa nimefanya lolote! Ningelala siku ile, ningeumwa, ningevunjika mguu, Damas angebaki.

Nikasema helikoni ilisikika vizuri. Philomène akasema ndiyo, ilisikika vizuri sana.

Jumatatu, tarehe 11 Juni

Treni imeondoka saa moja na nusu. Baridi kali. Tulikuja fanfari yote bila vyombo, askari wamekataza. Hatukujua mikono tuiweke wapi. Casimir kaleta mikate kwa ajili ya watoto, akalia kuliko wote. Sikujua kuwa ana moyo.

Vitanda vya behewa lile ni vizuri. Watoto walikuwa wanarukaruka juu yake.

Damas kanikabidhi helikoni, kwa kuwa ni mali ya machimbo. Kaing'arisha mpaka unajiona. Nikamwambia maneno mengi ya kipuuzi kuhusu madirisha na upepo wa njiani. Akanishika shingo kwa mkono ule mkubwa, akanitikisa, akapanda. Nilipofika nyumbani na kuikagua nikaona haina kidomo chake, kile kipande kidogo cha kupulizia. Kaondoka nacho mfukoni.

Nimelia mpaka Émérence akaacha kazi zake, akaja kukaa nami. Hakusema methali yoyote.

Jumanne, tarehe 12 Juni

Nimeamka na akili safi. Hebu tufikiri. Mtu asiyetaka kurudi angeiba kidomo cha nini?

Nikaenda kwa Padri mapema. Anasikitika kuwa hakuna aliyeona mwisho wa sinema. Nikasema ni bahati! Kama hakuna aliyeona, basi nyoka hajafa, na tunaweza kufanya sehemu ya pili. Macho yake yakawaka. Magunia bado yapo.

Casimir, akiwapo, akajitolea kujifunza helikoni. Nikamshukuru, nikamwambia haina kidomo. Akasema kidomo kinaweza kuagizwa. Nikasema hakiwezi.

Muziki nimeshaanza. Safari hii nimetumia akili. Inaanza helikoni, peke yake, ukurasa mzima, na hakuna chombo kingine kinachoweza kuingia kabla haijamaliza. Nimeiandika hivyo makusudi. Tutasimama pale, fanfari nzima, mguu wa kushoto mbele, hatuwezi hata kuanza bila yeye. Damas ninamjua. Hawezi kukubali watu wamngojee.

Barua ya Damas nimeipeleka posta mchana huu. Nimemwambia mazoezi ni Jumamosi saa tisa, na asichelewe.