Kilo Nane Kabla ya Kisu

Jumatatu, 2 Juni

Kliniki. Kilo 148. Mizani ya hospitali haina adabu. Inaandika uzito wako kwa taa nyekundu na laini nzima ya wagonjwa inasoma.

Daktari Wagaki amekubali nikatwe tumbo. Tumbo la ndani, lile la kuwekea chakula. Watabakisha kipande kama ndizi moja. Lakini kwanza nipunguze kilo nane mwenyewe, kwa sababu ini langu limenona na limelalia mahali wanapotaka kupitishia vyombo vyao. Mwisho ni Ijumaa tarehe 20. Sukari ishuke, presha ishuke. Nikishindwa, siku yangu ya upasuaji, tarehe 27, anapewa mwingine.

Nikamwambia kilo nane ni kitu gani! Nilipokuwa Dubai, mlinzi wa duka la dhahabu kwa miezi minane, nilipunguza kumi na mbili kwa joto peke yake. Akauliza zilirudi lini. Swali la uchokozi.

Kisha akanivua soksi ya kushoto. Kidonda kwenye kidole gumba! Sikuwa nakijua, hakiumi hata kidogo. Daktari akakitazama muda mrefu. Seline, mke wangu, akamtazama daktari. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani. Baba yangu alianza na kidole. Alizikwa na mguu mmoja.

Nje kwenye laini, nani? Kavoi wa Kawangware, yule wa vyuma kuukuu anayeniuzia mabomba ya karakana yangu ya kuchomelea. Kilo 151, amekalia viti viwili. Naye ana sukari, naye ameambiwa nane, tarehe hiyo hiyo. Akacheka, akaniita mtu wa Dubai kwa Kijaluo: "Ja-Dubai, mimi nitakuwa nimeshatolewa nyuzi wewe bado unapunguza soda." Tumewekeana: atakayeshindwa atamwita mwenzake "mkubwa" mbele ya kliniki nzima.

Nyumbani nimepanda ngazi. Orofa ya tano, hizi nyumba mpya za mtaa wetu wa Soweto East hazina lifti. Nimepumzika mara sita. Orofa ni tano tu, sijui ya sita ilitoka wapi.

Jumatano, 4 Juni

Mizani ya duka la dawa inaishia 130. Nilipopanda, sindano ilizunguka yote, ikagonga, ikatulia. Msichana wa dawa akaniomba nishuke polepole, mzee, mizani si yake.

Mizani ya kunibeba ni moja tu: ile ya Kavoi ya kupimia vyuma. Boda wawili walinitazama wakakumbuka wana shughuli. Wa tatu alinibeba hadi Kawangware, lakini aliomba kwanza, kwa sauti.

Kavoi nilimkuta amepanda, bila shati, bila viatu, amevuta pumzi ndani kana kwamba hewa ina kilo. Filister, mama anayezunguka na gunia akiokota vyuma, alikuwa akingoja apimiwe mzigo wake. Akauliza leo hapa kunanunuliwa chuma au nyama.

Mimi: 148, sawa na hospitali. Mizani ya haki. Tumekubaliana tutajipima hapo kila Jumatano na kila Jumamosi.

Jumamosi, 7 Juni

147! Seline ananipikia mboga ya sukuma bila mafuta na ugali wa ngumi moja. Ngumi yake, si yangu. Nimelalamika. Hakusikia, alikuwa ameinama anaosha kidonda changu kwa maji ya chumvi. Huwa anakiosha asubuhi na jioni kama sufuria ya wageni.

Kavoi 150. Tuko sare! Haiwezekani. Mimi ni fundi, mtu wa dunia, siwezi kumwita muuza skrepu "mkubwa".

Nimepata akili. Nyuma ya mizani kuna skrubu ya kurekebisha sifuri. Mbele, kwenye sifuri yenyewe, kuna kimsumari kinachozuia sindano isirudi nyuma zaidi. Kwa hiyo ukilegeza skrubu, mizani inakula kilo, na ikiwa tupu bado inasoma sifuri, mtakatifu kabisa. Kavoi alipoingia chooni, nikalegeza. Kilo nne, nimehakikisha kwa bomba langu ninalolijua uzito.

Mpango: Kavoi ataona anapungua kama barafu. Atalegea. Atakula. Mimi nitakuwa najumlisha nne zangu kichwani. Shule niliachia Form Two, lakini kujumlisha nne nilikuwa nimeshafika.

Jumanne, 10 Juni

Daktari alisema siku hizi kumi za mwisho ni chakula cha maji. Seline alienda sokoni asubuhi na mapema, kwa hiyo nilijisimamia. Kanuni yangu ni rahisi: kinachopita kwenye mrija ni maji.

Saa mbili: uji wa wimbi, vikombe vitatu, sukari ya kawaida. Saa nne: juisi ya parachichi. Saa sita: supu ya kichwa cha mbuzi hapa Kambi Muru karibu na karakana. Nyama ndogo ndogo zilizoingia kwenye mrija ni juhudi zao wenyewe. Saa nane: maziwa lala, yale ya kugandisha. Saa kumi: juisi ya miwa, kwa sababu miwa ni mmea, na daktari alisema tupende mimea.

Jioni Seline akanichoma kidole, mashine ya sukari ikasema 21, mara tatu ya ninayoruhusiwa. Akauliza nimekula nini. Nikamwambia sijatafuna kitu tangu asubuhi, na huo ni ukweli mtupu! Akaninusa. Akasema, "Baba Audrey, unanuka mbuzi."

Akakaa kitandani. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Akasema yeye alimsaidia mama yangu kumgeuza baba kitandani miaka miwili, na hana mgongo wa kufanya hivyo tena. Kisha akachukua mrija wangu akauvunja mara mbili.

Nimekunywa maji. Maji ya kweli. Hayana ladha yoyote, sijui watu wanayapendea nini.

Jumamosi, 14 Juni

Mizani: 137! Najumlisha nne zangu: 141! Bado moja tu!

Kilo sita kwa wiki moja. Hata mimi nimejishangaa. Nadhani supu ile ilifanya kazi taratibu.

Seline hafurahi inavyostahili. Anasema mkanda wangu bado uko kwenye tundu lile lile. Nimemweleza kwamba ngozi nayo hupungua. Mkanda umekonda pamoja na mimi.

Kavoi mizani inamwambia 141. Anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu kinywani. Mwache atabasamu, hajui. Filister ananiambia kwamba jana Kavoi alimaliza ubavu wa mbuzi peke yake akisema ana nafasi. Mpango unaiva!

Lakini njiani roho ikaanza kunisumbua. Naye ana sukari. Naye ana mkewe, Kalekye, nyumbani anayemngoja. Nikageuza boda, nikampelekea mafungu matatu ya sukuma wiki, nikamwambia ni zawadi ya rafiki. Akanitazama kwa mashaka, akaingia ndani, akarudi na kabeji mbili. Kwani yeye ananipa kabeji za nini?

Kilo moja iliyobaki haina haraka. Nimekula samaki mzima na ugali wa ngumi yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilijidunga dawa ya sukari kama kawaida. Chai nilikataa, nilitaka mizani inikute mwepesi. Kawangware mbio. 136! Jumlisha nne: 140 kamili! Nikaanza kucheza pale pale juu ya mizani. Kavoi akapanda: 140. Naye akaanza kucheza. Nikawa najiuliza yeye anacheza nini, wakati target yake ni 143 na mimi najua mizani inamdanganya.

Filister akatuomba tupishe watu wanaofanya kazi. Akaweka pasi mbili za makaa na gia ya baiskeli. Sindano haikusogea.

Akatoa, akaweka tena. Sifuri.

"Kavoi, hii mizani yako imelala ama? Kwani pasi zangu ni za hewa?"

Kavoi akanitazama. Mimi nikatazama mabati. Filister akawa anapandisha sauti: wiki mbili hizi amekuwa akidhani ni gunia limetoboka, kumbe analiwa mchana! Ndipo Kavoi akasema kwa sauti ya chini sana, "Mimi nilitoa tano tu."

Tano! Mshenzi huyu alilegeza skrubu ile ile, kwa mpango ule ule, ili MIMI nilegee nile! Kumbe alikuwa anacheza kwa ajili yangu, akidhani niko 141! Nikamwambia hana haya. Akauliza nimejuaje ni skrubu gani. Ikabidi niseme. Nne.

Nne na tano. Hata Form Two haihitajiki. Mimi 145. Yeye 149. Kliniki ni kesho.

Na Filister, tumekuwa tukimwibia kila siku bila hata kumfikiria. Aibu iliniingia. Nimemwahidi nitamtengenezea mkokoteni, bure, magurudumu mapya. Akasema kwanza turudishe skrubu. Kavoi akairudisha, mikono miwili, kama anafunga bomu.

Kisha tukafanya ujinga mwingine. Tukajifunga turubai, mimi na Kavoi, tukaanza kubeba vyuma kutoka upande huu wa uwanja kwenda ule na kuvirudisha, ili kilo tano zitoke kwa jasho. Safari ya nne, jasho likawa baridi. Nikaona Kavoi wawili, na mmoja peke yake alikuwa ameshatosha kuniharibia mwezi. Nikakaa chini. Sikukaa, nilianguka.

Ninachokumbuka ni Kavoi amenipakata kichwa analia waziwazi, "Usifie hapa, Obiero, Seline ataniua!" Na Filister akimsukuma kando, akinimiminia soda mdomoni, akiniambia nimeze, baba, meza, dawa imekuta tumbo tupu. Dada yake ana ugonjwa huu. Anaujua kuliko sisi tulio nao.

Soda ile! Sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo, hata Dubai.

Ijumaa, 20 Juni

Kliniki. Taa nyekundu: 145. Kavoi: 149.

Nilikuwa nimepanga kusema ni nguo. Lakini Kavoi akiona koti jeupe hawezi kunyamaza. Alimwambia daktari kila kitu: skrubu, msumari, turubai, soda. Hata mbuzi wangu, ambaye sijui alimsikia wapi.

Daktari Wagaki hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema sukari ingeshuka vile nikiwa peke yangu, sasa hivi wangekuwa wanamtafuta Seline kwa simu. Kujidunga bila kula asisikie tena. Halafu akauliza mizani ilikuwa inamdanganya nani hasa. Kavoi akaninyooshea kidole. Mimi nikamnyooshea yeye.

Tarehe 27 imekwenda kwa watu wengine. Nilidhani nimejiandaa kuisikia. Tumepewa mpaka Ijumaa, 11 Julai, sote wawili. Hapo hapo ndipo atasema kama kuna upasuaji au hakuna.

Kisha akanivua soksi. Nikaangalia kalenda. Akakitazama kidonda vile vile, halafu akasema kinafunga. Kinafunga vizuri! Akauliza nani amekuwa akikiosha. Seline akainua mkono kama mtoto darasani, kisha akageukia ukuta akajipangusa macho kwa leso.

Nesi akampima na yeye, kwa kuwa tu alikuwa hapo: 71.

Nje, mbele ya laini yote, mimi na Kavoi tulikumbuka ahadi yetu. Wote tumeshindwa. Nikamwita mkubwa. Akaniita mkubwa. Laini ikapiga makofi, nadhani kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwenye ngazi Seline alinishika mkono orofa zote tano. Alisema neno moja tu. Kwamba kilo hazimhusu, yeye anataka mume mwenye miguu miwili. Nikamwapia kwa jina la mama yangu: kuanzia leo, hakuna ujanja.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi nimekabidhi mkokoteni wa Filister. Unateleza kama gari la balozi. Akaniombea maisha marefu, na akaniambia nikae mbali na mizani.

Ushauri mzuri. Ndiyo maana nimejitengenezea yangu! Ya watu wengine imeshikwashikwa. Hii nimeichomelea mwenyewe: sahani ya bati nzito, springi mbili za pikipiki, uso wa saa ya ukutani nimeupaka namba upya. Sindano ilikuwa inapita chini ya sifuri, nikaiwekea kimsumari. Vijana wawili wakanipandishia hadi orofa ya tano.

Nimepanda. 126!

Nimeshuka, nimepanda tena. 126! Kilo kumi na tisa kwa siku tatu, bila ujanja wowote, kwa kunywa maji na kumsikiliza mke wangu. Daktari alitaka 140. Nina akiba ya kilo kumi na nne!

Seline akauliza kama nimeijaribu na kitu kingine. Nikamwambia panda. Akapanda.

52.

Nilishika meza. Ijumaa alikuwa 71, mbele ya nesi! Mke wangu ameisha kilo kumi na tisa kwa siku tatu, maskini, kwa mawazo juu yangu. Tena sawasawa na mimi, kilo kwa kilo. Watu wanaongea juu ya ndoa, lakini ni wangapi wamewahi kuiona kwenye mizani? Machozi yamenilengalenga, nakiri.

Seline ameniangalia mimi, ameangalia kimsumari, ameenda kuleta beseni la maji ya chumvi. Hajasema kitu. Nguvu hana, unaona?

Lazima arudishe mwili. Nimeagiza chapati nane pale chini. Nne zake. Nne zangu, kwa sababu siwezi kumwacha mgonjwa ale peke yake, na akiba ninayo. Wamepiga simu kwamba hawana wa kuzipandisha ngazi zote hizo.

Nimewaambia wasijali, nazifuata mwenyewe. Orofa tano kushuka, orofa tano kupanda. Daktari alisema tufanye mazoezi.