Fundi Yuko Njiani

Jumatatu, 3 Juni

Kiti cha msimamizi wa mafundi kiko wazi. Aliyekikalia amestaafu, na bosi ametangaza kikaoni kwamba kitajazwa Ijumaa. Tunaokitazamia ni wawili: mimi na Taratibu. Taratibu ni mwanyumba wangu, mume wa mdogo wa mke wangu. Tunashindana kila mahali, kuanzia ofisini hadi nafasi ya karibu na baba mkwe sebuleni. Mpaka leo sijashinda popote.

Kazi yetu ni kutengeneza majokofu. Wateja hutuandikia barua pepe. Taratibu huzisoma, huziingiza moja moja kwenye programu ya ofisi, nayo programu humtuma fundi. Mwendo wake ni wa mtu anayechambua mchele. Wiki hii yuko likizo. Nikanyoosha mkono. Nikasema kabla ya Ijumaa programu itakuwa inazisoma barua yenyewe, bila mkono wa mtu. Bosi akaniangalia, kisha akamgeukia katibu muhtasi, akamwambia haya, mama, tuone, kana kwamba ndiye aliyesema. Katibu alicheka ndani ya kikombe.

Jumanne, 4 Juni

Mtengeneza programu ni dada asiyependa maneno mengi. Amenieleza. Hakuna haja ya nenosiri la mtu. Ukurasa unafunguka, mwenye sanduku la barua anabofya "Ruhusu", basi, limeunganishwa. Nikauliza sanduku la wateja ni la nani. Akasema liko kwa Taratibu, nimpigie tu.

Nimpigie? Kumwomba Taratibu ruhusa ni kumkatia nusu ya kiti. Nikamwambia dada kwamba hapatikani. Si uongo. Asiyepigiwa hapatikani.

Njia nimeiona. Nimeunganisha sanduku langu mwenyewe, na nimemwomba katibu awape wateja anwani yangu. Ukurasa ukauliza kama programu isome barua za kuanzia leo au zote. Nimebofya zote. Mtu hapewi mto akachota kikombe. Dada akasema angekuwa yeye angeanza na chache, ajaribu. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema na pupa vilevile.

Jumatano, 5 Juni

Programu haitofautishi wafu na walio hai. Imesoma barua zangu za miaka tisa, na kila ilipokuta baridi, mlango au kelele imefungua kazi. Kisha imezipanga kwa haki: aliyesubiri zaidi ahudumiwe kwanza. Utaratibu huo niliupendekeza mimi.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alitumwa kwa mama mkwe. Aliwahi kuniandikia kwamba friji lake linakoroma kumshinda baba mkwe. Nilimjibu nitapita kesho. Fundi ameripoti kwamba amelikuta bado linakoroma, akalitengeneza.

Wa pili alitumwa kwa mwanamke niliyemchumbia kabla ya mke wangu. Barua yake ya mwisho ilisema mlango ameufunga na nisibishe tena. Fundi akabisha. Mumewe alifungua, akauliza ni mlango upi hasa, na fundi, mtu mkweli, akamsomea barua yote. Amerudi mapema. Ngazi ameiacha huko.

Wa tatu alifika nyumbani kwangu. Mke wangu aliwahi kuandika kwamba nyumba imeingia baridi tangu nianze kukimbizana na vyeo. Fundi akamwuliza, shemeji, chombo kibovu kiko wapi. Akamjibu kimeshatoka, kiko kazini, kitarudi jioni.

Wakati huohuo mwenye bucha, mteja wetu mkubwa kuliko wote, ameandika kwamba chumba chake cha baridi kimezima na nyama imeanza kutoa jasho. Barua imefika salama. Imejipanga nyuma ya miaka tisa yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Mwenye bucha ameandika tena. Lugha imebadilika. Ningemtuma fundi kwa mdomo, lakini mafundi wote wako nje wanakagua maisha yangu. Dada wa programu ameshauri nizime. Kuzima ni kukiri. Badala yake nimeweka jibu la kujiendesha: kila aliyeandika aambiwe fundi yuko njiani. Mteja akijibiwa hutulia.

Sikujua kwamba Taratibu naye ameacha jibu la likizo. Programu ilianza na walioniandikia zamani, naye yumo. Ikamwambia fundi yuko njiani. Sanduku lake likajibu asante kwa kuandika, niko likizo. Programu ikaona hiyo ni barua mpya, ikamwambia fundi yuko njiani. Likashukuru tena. Wakaendelea hivyo asubuhi nzima. Katika miaka yote ya ukwe hatujapata kuongea kwa adabu namna ile. Mchana kampuni ya barua pepe ikalifunga sanduku langu kwa kudhani mimi ni tapeli.

Mwenye bucha hakuandika tena. Alikuja mwenyewe, na beseni. Akaliweka juu ya meza ya bosi, akafunua. Akauliza kama huyo fundi aliye njiani anakuja kwa magoti. Ofisi nzima ilitoka nje isipokuwa bosi na mimi. Bosi hakuniangalia hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Katibu amempigia Taratibu bila kuniuliza. Kumbe yuko kwa wakwe, anakula. Akabofya kwa mkono wa kushoto, wa kulia una tonge. Programu ikaanza kusoma barua za wateja, za kuanzia leo. Mwenye bucha akaombwa aandike upya, na kabla ya saa tano fundi alikuwa amefika bucha.

Bosi aliniita, akaongea kwa upole, na upole wake una makali kuliko kelele. Kiti ni cha Taratibu. Mimi sifukuzwi. Mwenye bucha amekubali kubaki nasi kwa sharti asilione jina langu popote. Nitahamia meza ya karibu na stoo, niwaombe radhi wote waliopelekewa fundi bila sababu, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu. Wa kwanza ni yule mume mwenye ngazi yetu.

Jumapili, 9 Juni

Tumeitwa kwa wakwe kumpongeza Taratibu. Yeye amekaa karibu na baba mkwe, mimi karibu na viatu. Mama mkwe akasimama, akamshukuru mbele ya watu kwa kumletea fundi, maana baada ya miaka yote hiyo friji limenyamaza na sasa anamsikia mumewe vizuri. Taratibu akasema si kitu, mama. Nilifungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga.

Baadaye Taratibu alinifuata uani. Akasema, kwa ule mwendo wake, mwanyumba, ungenipigia tu. Ningebofya siku ileile, na nisingemwambia mtu. Kiti chenyewe hakuwa na haja nacho. Bosi amempa kwa kukosa mwingine.

Nimelipima neno hilo njia nzima ya kurudi. Ni mtego. Hakuna mtu anayekupa kiti huku anakutazama machoni.

Katibu amenong'ona kwamba mwezi ujao programu itaunganishwa pia na ujumbe wa simu za wateja. Simu hiyo anayo Taratibu, na huiacha mezani anapokwenda kunawa. Dakika mbili zinanitosha. Mke wangu ameuliza kwa nini nisimwombe tu. Amechoka, maskini. Haelewi kwamba akiombwa atakubali.