Maskini Mwenye Ng'ombe Thelathini

Esdras alishuka Kibabi, kwenye milima ya Masisi, kwa sababu dereva wa pikipiki alitaka kunywa maziwa. Hakuwa na mpango wa kumlaghai mtu siku hiyo. Tumtendee haki, hata mjanja hupumzika. Lakini pale wanapokusanyia maziwa, kati ya madumu ya njano, alimkuta mzee mnene mwenye koti jipya la mvua akilalamika, na Esdras akimwona mtu mnene analalamika, uchovu wote humtoka.

"Batoto ba kambi ya bakimbizi ya Kashuga banapata bafadhili," alisema mzee huyo, Papa Bisengimana. "Bakristo ba ng'ambo banabalipia masomo, banabapatia mifuko na viatu. Élie wangu anapata nini? Hakuna. Eti juu baba yake iko na ngombe makumi tatu. Kuwa na ngombe njo zambi?"

Watu walicheka. Esdras hakucheka. Wafanyabiashara wengi huwauzia matajiri utajiri zaidi. Yeye aliona palepale kwamba huyu alihitaji kuuziwa umaskini.

"Papa, Mungu njo amenileta hapa," alisema, akatoa mfukoni kitambulisho cha kwaya aliyofukuzwa Goma na kukivaa shingoni haraka, kabla mtu hajasoma. "Niko wa Kalamu na Mkate, chama ya Bakristo ba Kanada. Sisi hatulipie tu masomo ya hapa. Mutoto tunamupandisha ndege, anaenda kusoma kulekule."

Chama hicho kitukufu kilikuwa na umri wa dakika moja.

Kufikia Ijumaa, familia saba zenye mifugo zilikuwa zimejiandikisha. Kila baba alilipa jibini moja kubwa na kupewa cheti cha umaskini kilichoandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri wa duka la dawa. Yalikuwa mambo ya ajabu kuona waungwana wakigombania nani hana kitu zaidi. Élie, mtoto wa miaka kumi, alivalishwa shati lililochanika ili apigwe picha. Lilimwasha mpaka akalia, na picha ikatoka nzuri sana.

Jibini ni chakula tu, na Esdras alikuwa na ndoto kubwa zaidi. Ndoto hiyo iliitwa Gaju. Ilikuwa ng'ombe ya rangi ya udongo, ikikamuliwa uani kwa Bisengimana mbele ya kila mpita njia. Huko Mpofi, upande wa Walikale, mwenye bucha mmoja aliyeitwa Olga angeinunua bila kuuliza maswali.

"Papa, iko tatizo," alisema Esdras Ijumaa hiyo. "Kanada banataka kanisa ishuhudie kama hapa kwako hakuna ngombe. Zile zingine ziko mbali ku malisho, sawa. Lakini Gaju kila mutu anaiona. Siku ya Yenga, mbele ya kanisa, uipatie mumaskini mumoja. Siku mbili tu. Kazi Moja inarudi." Yaani itolewe Jumapili, irudi Jumatatu.

"Gaju?" Bisengimana alishika kifua. "Nani mumaskini?"

Esdras alikuwa ameshamchagua: Mama Nyiramana, mjane mpole mwenye shamba la maharage. Marehemu mume wake alichunga ng'ombe za Bisengimana miaka kumi na mmoja, na mwenye mali hakumpa hata ndama wa kuanzia maisha. Binti yao Umurerwa alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka sekondari kwa sababu ya minerval, ile ada ya shule. Wiki tatu sasa alikuwa akipalilia na mama yake, daftari likiwa ndani ya kikapu, na mama kila akiliona hilo daftari roho ilimuuma.

"Mama, we unapokea tu," Esdras alimweleza. "Kazi Moja asubuhi unailetea mimi ku daraja, nairudisha kwa mwenyewe. Umurerwa namuweka wa kwanza ku liste."

"Ku daraja ya chini?" aliuliza Nyiramana.

"Ile ya njia ya Walikale, ndiyo."

"Aksanti, kaka."

Nyiramana hakuuliza tena. Nyumba ya Bisengimana iko juu kilimani, na mtu anayerudisha ng'ombe juu haisubiri chini. Hayo hakumwambia Esdras. Aliingia jikoni, akaomba ndizi mbivu kwa majirani, na Jumamosi nzima alikamua mutobe, ile juisi ya ndizi isiyolewesha ambayo hata mashemasi hunywa.

Jumapili kanisa lilijaa. Pasta Pierre alitangaza kwamba kuna ndugu ana neno. Bisengimana alisimama akiwa na koti la kuazima lenye viraka, cheti chake mkononi. Esdras alisimama mbele na simu, akipiga video.

"Minamupatia Mama Nyiramana ngombe yangu Gaju," alisema Bisengimana, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Kanisa lilipiga makofi. Hapo, kwa hesabu za Esdras, Nyiramana alipaswa kusema aksanti na kukaa. Badala yake aliita kuelekea mlangoni, na wanawake wawili wakaingia na madumu ya mutobe vichwani.

Hapa inabidi tusimame kidogo kwa ajili ya wasiotoka kwenye milima yetu. Aliyepewa ng'ombe humletea mtoaji kinywaji cha shukrani. Jambo hilo huitwa kukura ubwatsi, kung'oa majani, na kwa kawaida hungojewa miezi. Mtoaji akishakunywa mbele ya watu, yamekwisha: ng'ombe imehama, na hakuna mzee wala mahakama itakayoirudisha. Kila mfugaji aliyekuwa kanisani alijua. Esdras, mtoto wa wauza viatu wa Goma, hakujua.

Nyiramana alijaza kikombe, akapiga magoti. "Papa Bisengimana, bwana yangu alichunga ngombe zako miaka kumi na moja. Alikufa bila kukusemea mubaya. Leo umemukumbuka. Kunywa, Papa."

Kwenye benchi la nyuma mwanamke mmoja alianza kulia taratibu. Bisengimana alitazama kikombe, akatazama watu, jasho likimtiririka kwenye viraka vya kuazima. Angeweza kukataa, lakini kukataa ni kusema kwamba alidanganya mbele ya madhabahu. Alimgeukia Esdras, macho yakiomba msaada.

Na Esdras, akiogopa video yake isiharibike, alisema kwa upole, "Kunywa tu, Papa. Kanada inaona."

Bisengimana akanywa. Akamaliza. Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakimbia nje. Vijana wa kwaya walimzunguka Esdras wakiomba ile video, naye, akiwa na moyo mkunjufu, akawatumia wote.

Jumatatu asubuhi alikuwa darajani na jibini zake saba ndani ya gunia, pamoja na Mama Olga aliyekuja kutoka Mpofi na kamba na wachungaji wawili. Nyiramana alitokea akiwa na jembe begani na chupa ndogo ya maziwa.

"Ngombe iko wapi?" aliuliza Esdras.

"Iko kwangu. Nimekuletea maziwa yake, ni ya moto bado."

"Mama, tulipatana."

"Tulipatana uirudishe kwa Papa Bisengimana. Huyu mama na kamba njo Bisengimana?"

Esdras alibadilisha sauti. "Nitamuambia Papa Bisengimana yote."

"Muambie. Nitamuonyesha ile video yako, kwenye unamuambia akunywe."

Olga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akacheka tena. "Kaka, mwenye ngombe akishakunywa, we unakuja kutafuta nini?" Alifungua gunia, akanusa jibini moja, akawapa wachungaji wake gunia zima walibebe. "Hii ya safari yetu."

Hivyo ndivyo mwakilishi wa Kalamu na Mkate alivyoondoka Masisi kwa miguu, na chupa ya maziwa. Inasemekana alikunywa yote kabla ya kona ya kwanza.

Maziwa ya Gaju yaliyobaki yaliuzwa kila asubuhi, na kabla ya mwezi kuisha Umurerwa alikuwa amerudi darasani. Huko mwalimu aliwaambia wanafunzi wanaosomeshwa na wafadhili waandike barua za shukrani. Umurerwa aliandika: "Mufadhili wangu mupendwa, Papa Bisengimana." Akamweleza kuhusu hesabu na jiografia, akachora ng'ombe chini.

Bisengimana, ambaye kwa wiki nne alikuwa akipita njia ya nyuma ili asiione Gaju, alipokea barua hiyo kwa hasira na kuisoma kwa miwani. Akairudia. Akamwonyesha mke wake, akisema pembe zimechorwa vibaya. Kisha akaionyesha pale wanapokusanyia maziwa, kwa watu wote, mmoja mmoja.

Mwisho wa muhula alifika kwa Nyiramana na koti lake jipya la mvua, akakataa kukaa, akaomba kuona bulletin ya matokeo. Aliishika mbali, akasoma, akakunja uso.

"Hesabu asilimia makumi tano na kenda," alisema. "Mama, mutoto mwenye mimi nafadhili hawezi kupata hivi. Mwambie kesho akuje kwangu, Élie na yeye bafanye mazoezi pamoja."