Bibi Harusi na Mteremko wa Sokoni

Jumatatu, 4 Mei

Breki zimenisaliti tena! Katikati ya mteremko wa sokoni nakanyaga pedeli, inazama mpaka chini. Nikavuta breki ya mkono, nikapiga honi, nikamwita Mungu kwa majina yote niyajuayo. Gari likasimama puani kwa punda wa muuza maji. Punda hakushtuka. Nilishtuka kwa niaba yetu sote.

Nikapumzika kidogo, nikakanyaga tena. Pedeli ngumu, breki safi! Gari linanichezea shere.

Mke wangu hajui na hatajua. Jumamosi binti yetu anaolewa, na ukumbi uko chini ya mteremko huohuo. Nimeshatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nitampeleka mwenyewe. Shemeji, kaka yake mke wangu, anangoja nishindwe tu. Ana gari jipya, viti bado vina nailoni.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda gereji kwa siri. Nyumbani niliaga naenda kunyoa. Fundi akalizungusha uwanjani, akakanyaga, likasimama. Akazunguka tena. Likasimama! Akaniuliza kama siku hizi napata usingizi. Nimerudi na nywele zilezile, na mke wangu amesema kinyozi huyo ni mwizi.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata mpango! Nitashuka kwa gia ya kwanza, na nusu ya njia nitasimama kwa kisingizio cha picha, breki zipumzike. Bibi harusi gani atakataa picha?

Shemeji kaja kunywa chai yangu na kuuliza hali ya gari langu. Nimemjibu lina afya kuliko yeye. Binti akanifuata nje.

“Baba, mimi nitapanda gari lako, si la mjomba. Ila niambie kweli, linasimama?”

Nikamwambia linasimama vizuri kabisa. Akaniamini! Akanipangusa vumbi begani, akaingia ndani. Moyo umeniuma vibaya. Afadhali angebisha.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango wa picha nimeutupa. Nimemkokota fundi mpaka mteremkoni, yeye akiwa kwenye usukani. Alicheka mpaka nusu ya njia. Kisha akaacha kucheka. Pedeli chini! Akavuta breki ya mkono, akaparamia lundo la mchanga la mtu anayejenga. Nilifurahi ajabu. Kumbe mimi si mwongo!

Akafungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole.

“Mzee, nani katia maji humu?”

Nikasema labda mvua. Akasema mvua haifungui mfuniko. Kumbe kwenye mteremko breki hupata moto, maji yanachemka, yanageuka mvuke, na pedeli inakanyaga hewa. Yakipoa, zinarudi. Uwanjani kwake, pale tambarare, yangechemka vipi?

Sasa mimi ningejuaje? Mafuta yalikuwa yamepungua, chupa ya maji ilikuwa mkononi, na rejeta inakunywa maji kila siku bila kulalamika.

Amemwaga yote, amesafisha mabomba, ametia mafuta mapya. Tumeshuka na kupanda mpaka muuza maji akatuuliza tumepoteza nini. Linasimama! Nimemkumbatia fundi. Tumekubaliana mimi nisitaje maswali yake ya usingizi, naye asitaje maji.

Jumamosi, 9 Mei

Tumefika! Punda alikuwa palepale, katikati ya barabara. Nikakanyaga. Gari likasimama, hata shela ya binti haikutikisika. Shemeji, nyuma yetu, alikuwa akijitazama kwenye kioo. Akatugonga. Bampa yangu haina hata mkwaruzo, taa yake moja imekwenda. Nimempa pole nyingi, na zote nimezitoa kwa sauti.

Ukumbini nililia. Watu wakadhani ni uchungu wa kuachana na mtoto. Ni kweli pia, lakini hasa ni kwamba alikuwa mzima, anacheka, na mimi ndiye niliyemfikisha.

Jumapili, 10 Mei

Nimelala mchana kutwa. Jioni nimewasha gari, usukani mzito, unalia kwenye kona. Nimechungulia. Mafuta ya usukani yamepungua.

Maji sitii ng'o! Nimeshafunzwa. Bahati nzuri jikoni limebaki dumu la mafuta ya kupikia ya harusi, safi, hayajakaangiwa chochote. Nimejaza mpaka juu. Kesho tunampeleka mama mkwe kwake, na nimemwambia mke wangu asiwe na wasiwasi.