Ukuta Wenye Pazia Usibomolewe

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Shule za Sekondari za Ufundi,
Msimamizi wa Sera, Programu na Gharama Zake.

YAH: KUBOMOLEWA KWA UKUTA WA MJUKUU WANGU SIKU YA IJUMAA

Mheshimiwa Mkurugenzi, mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini ungenikuta ungeniamkia, maana mtu aliyekabidhiwa shule zote hizo hawezi kuwa amekosa malezi. Kwa hiyo nimekuitikia mapema, tusipoteze muda.

Mimi ni bibi wa mwanafunzi wa uashi katika shule ya ufundi iliyo nyuma ya nyumba yangu. Sikusoma. Anayeandika hapa ni fundi cherehani wa mtaani kwetu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunirembea maneno. Akikutana na neno kali ananitazama juu ya miwani yake, nami namtazama vilevile, kisha analiandika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Watoto wa mwaka wa mwisho wamefanya mtihani wa kujenga. Mjukuu wangu, ambaye wenzake wanamwita Timazi kwa kuwa haachani na ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia kama ukuta umenyooka, alijenga ukuta wenye kona moja na dirisha moja, pale uani karibu na karakana. Mkaguzi akaja. Akauzunguka, akaugonga kwa kalamu kana kwamba ananunua tikiti maji, akaandika, akasema naye maneno mawili matatu, akaondoka. Keshoye mkuu wa shule akatangaza kwamba kuta zote za mtihani zibomolewe, na wabomoaji ni watoto walewale waliozijenga.

Nilidhani anatania. Mwanangu, mimi nimelea watoto, nikalea na watoto wa watoto, wala sijawahi kumwambia mtoto aliyetandika kitanda vizuri akivuruge ili kesho asisahau kutandika.

Kuta nyingine zimeshakwenda. Wa Timazi bado umesimama kwa sababu nimeweka kigoda changu mbele yake, na juu ya kigoda nimejiweka mimi. Mkuu wa shule, kijana mwenye adabu sana, alichuchumaa kando yangu akasema, Bibi, nakuvumilia hadi Ijumaa, zaidi ya hapo nitaulizwa. Nikamuuliza, utaulizwa na nani? Akaelekeza kidole juu. Nikajua anamsema Mungu, nikamwambia huyo niachie, tunazungumza kila siku. Akasema hapana, Bibi, ni Mkurugenzi. Ndiyo sababu nakuandikia wewe.

Na mtoto mwenyewe ameumia. Tangu siku ya mtihani hali chakula vizuri. Nikimwita aje tukae wote pale ukutani anasingizia kufua. Amefua hadi nguo za majirani. Nikimleta mgeni kuuona ukuta, yeye anageukia upande wa pili na kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Huzuni ya namna hiyo siwezi kuitazama nikanyamaza.

2. Nikaambiwa sababu ni gharama. Saruji ni ghali, kwa hiyo mnawapa watoto udongo uliochanganywa na chokaa kidogo, ili ukuta ukishakaguliwa uachane kwa urahisi, matofali yakwanguliwe na kupangwa rundo, yangoje wanafunzi wa mwaka unaofuata. Mkuu alinieleza jambo hilo kwa fahari.

Nikaenda kuyatazama matofali yenyewe. Mwanangu, yanatia huruma. Hayana pembe tena, yamekuwa mviringo kama maandishi ya fundi huyu. Kila mwaka yanapangwa, yanazoeana, yanajua jirani ni nani, halafu yanatolewa nje bila notisi. Mpangaji akihamishwa hivyo huenda baraza la mtaa. Tofali litakwenda wapi? Ndio maana nimekuja mimi.

3. Ukuta huu sasa una wenyewe. Nilipoona dirisha linatazama uani kutokea uani, nililionea aibu, nikamwomba fundi cherehani anishonee pazia. Ametoa kitambaa chenye maua kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja mnene, na limekaa vizuri ajabu. Tangu pazia lilipoingia, watu wamebadilika. Mlinzi wa shule, ambaye angeweza kuuzunguka ukuta kwa hatua chache tu, sasa husimama upande wa pili na kubisha hodi, na haji mpaka nimkaribishe. Mpishi wa shule akipita hufunua pazia kunijulia hali. Mwalimu wa hesabu alipitisha kichwa dirishani akaniuliza kama kuna nafasi ya kupanga. Nimemwambia hakuna paa, akasema hata anapokaa sasa paa ni la kusikia tu.

Na niseme jambo moja ambalo fundi ameambiwa aliandike polepole. Mimi sijawahi kuitwa shuleni kwa jambo jema. Utotoni sikuingia. Nilipokuwa mama niliitwa, lakini ilikuwa ni kwa sababu ya vioo vilivyovunjika na meno ya watoto wa wenzangu. Siku Timazi alipoanza kuujenga ukuta huu alinishika mkono akaniingiza getini, akachukua kiganja changu akakiweka juu ya tofali lililokuwa peke yake chini, akasema, Bibi, hili ndilo la kwanza. Nikamwambia pana vumbi hapa, ndiyo maana macho yananiwasha. Sasa mnataka nikae kimya tofali lile lirudi kwenye rundo?

4. Kama sera hii ni nzuri, basi isibague. Tuitumie sote.

Wanafunzi wa ushonaji wakishamaliza gauni, likaguliwe, kisha wafumue mishono yote na kuuviringa uzi upya. (Hapa fundi ameinua kalamu na kuniuliza kama tuna ugomvi.) Wa useremala wakishatengeneza kiti, kirudishwe kuwa ubao, na ubao nao, kwa kuwa mbao zinapanda bei, urudishwe msituni ukasimame. Wa umeme wakishawasha taa, waizime na kuuzoa ule mwanga kwenye ndoo usipotee bure.

Nasikia magari ya ofisi yako hutengenezwa na watoto wa pale karakanani. Hongera kwa kubana matumizi. Sasa mbona yanaondoka yakiwa mazima? Gari lako likishapona breki, mkaguzi alione, kisha breki zirudishwe kama zilivyokuja, ndipo dereva wako akabidhiwe funguo. Vinginevyo mwanafunzi wa mwaka ujao atajifunzia nini?

Wala tusiishie getini. Mkunga mwanafunzi akishazalisha salama na kupata maksi zake, basi mtoto naye arudishwe alikotoka, angoje mkunga wa mwaka unaofuata. Hapa fundi aliweka kalamu chini akaenda kunywa maji. Amerudi. Ameandika.

Tukifika hapo, mwanangu, tutakuwa tumebakiza wewe. Kila mwaka wakubwa wako wakishakukagua na kuona umesimama vizuri, ushushwe kitini, ukwanguliwe udongo, upangwe nyuma ya karakana na wakurugenzi wenzako mpaka mtihani ujao. Nitakuwa nakuletea chai hapo, usiwe na wasiwasi wa njaa. Lakini utakuwa rundo.

5. Mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa. Naomba hivi: ukuta wa Timazi uachwe hapo ulipo, na pazia lake. Watakaofuata wajengee mahali penye shida ya ukuta. Mtaa huu umejaa watu wanaohitaji kuta, na shule imejaa watu wanaozibomoa, na kati yetu pana uzio tu. Zahanati ina choo ambacho ukiingia unaimba ili watu wajue umo. Mwenye mahitaji alete saruji, shule ilete mikono, mkaguzi aje akague hapohapo, na akimaliza ukuta ubaki na mwenyewe.

Na kama wasiwasi wako ni matofali ya mwaka ujao, chukueni ya jikoni kwangu. Ukuta wa jiko langu aliujenga marehemu mume wangu kwa macho yake tu, bila kamba wala kipimo, na umesimama tangu mama yake Timazi akiwa anatambaa. Ubomoeni, mjifunzie, nitapikia nje. Afadhali nipikie mvuani kuliko kumwona mtoto yule ameshika nyundo mbele ya kazi ya mikono yake. Ukuta wa mjukuu wangu hautaguswa mimi nikiwa juu ya kigoda. Na kigoda ni imara, aliyekitengeneza hakuambiwa akibomoe.

Nakutegemea ulijibu hili kabla ya Ijumaa. Msalimie mama yako, mwambie alilea vizuri ila bado pamebaki kazi ndogo. Msalimie mkeo na watoto, karani atakayeifungua bahasha hii, dereva wako na breki zake, na mkaguzi ukimwona, ingawa salamu zake ni chache kidogo. Mlinzi, mpishi na mwalimu wa hesabu wanakusalimu kutoka dirishani.

Mimi mama yako kwa umri,
Bibi yake Timazi.

(Doa la wino hapo chini si uchafu. Ni kidole gumba changu.)

Nyongeza, jioni ya siku hiyohiyo:

Mwanangu, bomoeni. Na kama mtu wako anaweza kuja kesho asubuhi asingoje Ijumaa, tutashukuru.

Timazi amerudi nyumbani akakuta fundi ananisomea barua kabla hatujaibandika stempu. Kwanza alicheka hadi akakaa chini, fundi alipofika kwenye rundo la wakurugenzi. Halafu akaacha kucheka, akaingia ndani, akatoka na ile kamba yake. Akatupeleka mimi na fundi hadi ukutani, akasogeza pazia, akaining'iniza kamba kwenye kona. Juu, kamba imegusa tofali. Chini, mwanangu, kati ya kamba na tofali fundi alipitisha vidole viwili na bado pakabaki nafasi ya uzi. Ukuta umelala. Haukulala sana, mgeni haoni, lakini ukishaonyeshwa huoni kitu kingine.

Kumbe alikuwa anajua. Mkaguzi ndiye alimwambia, na ndiyo yale maneno mawili matatu. Amefaulu, ila kona alimkata maksi, kwa haki kabisa. Kwa hiyo mtoto hakuwa na huzuni ya kubomolewa. Alikuwa anakufa kwa aibu. Yeye, anayeitwa Timazi, ukuta wake umeegemea kama mlevi, na bibi yake ameutundikia pazia na kuita mtaa mzima uje kuutazama. Amesema, Bibi, kila siku nasali Ijumaa ifike, na wewe umekaa na kigoda unaizuia. Amesema huu ndio ukuta pekee anaoruhusiwa kuukosea, ndiyo maana ni wa udongo, na akiubomoa kwa mkono wake atajua ulikoanzia kupotea. Nikamuuliza, hata lile la kwanza? Akasema lile la kwanza liko sawa, Bibi, nililipima mara tatu.

Basi lile moja naliomba. Mengine yarudi kwenye rundo. Niliyosema kuhusu kalamu ya mkaguzi nayafuta, na salamu zake ziongezwe. Nilitaka barua iandikwe upya, lakini fundi amekataa, anasema hata yeye ana sera na gharama zake. Ya choo cha zahanati yabaki. Hilo sifuti.

Kuhusu jiko langu, msimtume mtu. Timazi alipotoka ukutani na kamba mkononi alipitia jikoni, akaining'iniza kwenye ukuta wa babu yake, akaitazama, akaniita nami nikaitazama. Marehemu nilimpenda sana, lakini macho yake hayakuwa ya kujengea. Alikuwa nayo kwa kazi nyingine.

Ameshaanza kuubomoa huo wa jiko. Fundi anaandika haya kwenye mwanga wa moto tuliouwasha nje, kigoda kimekuwa meza yake, na mimi nakwangua udongo kwenye matofali.